Gari la Shangazi Lilipokataa Kuzimika

Tundu lolote linalovuja, niletee mimi. Sijisifu, nasema tu ukweli ambao watu wa Ujiji wamechelewa kuukubali. Babu yangu, Mwinshehe mkubwa, alikuwa fundi wa kukalafati boti pale Kibirizi. Boti ikipandishwa mchangani mbao zimeachana, aliloweka pamba kwenye mawese, akaisokota, akaipigilia kati ya ubao na ubao kwa patasi butu na nyundo ya mti, na boti hiyo ingekwenda Kagunga na kurudi bila mtu kugusa kopo la kuchotea maji. Alipofariki aliniachia jina lake na nyundo yake. Nimeziba boti, nimeziba madumu, nimeziba paa la madrasa, nimeziba hadi sufuria ya pilau ya Shangazi. Juu ya hayo nikamaliza kidato cha nne na fizikia yangu kichwani. Hapo ndipo nikawa mtu hatari kabisa.

Sasa Shangazi Mwanakombo alikuwa na pikapu ya dizeli. Umri wake siujui, ila mimi nilizaliwa nikaikuta na tayari ilikuwa inakohoa. Rangi yake ilikuwa kijani zamani. Siku hizi ni rangi ambayo haina jina. Ndiyo iliyobeba dagaa na mawese ya Shangazi miaka yote, ndiyo iliyotusomesha mimi na mwanawe Saad, na ndiyo iliyokuwa ikivuja oili kama mtoto anayeota meno. Ukimpoteza Shangazi sokoni, fuata matone tu, utampata.

Hakuna aliyejali mpaka tulipokwenda Gungu kumposea Saad.

Binti anaitwa Shadia, na baba yake ni Mzee Gharib, mtu wa maneno machache na uwanja msafi. Kumbe wiki hiyo alikuwa ametandaza vitofali vipya vya saruji uwanja mzima, vyeupe, vimepangwa kama meno ya mtangazaji. Saad akaegesha pikapu katikati. Tukaingia, tukakaribishwa, tukala, posa ikapokelewa, wazee wakacheka. Tulipotoka nje, chini ya gari palikuwa na doa jeusi la ukubwa wa sinia.

Mzee Gharib akaliinamia.

"Nani anaendesha gari hili?"

"Mimi, mzee," Saad akasema.

"Linavuja tangu lini?"

Mimi ningesema tangu asubuhi. Saad, ambaye hajui kujitetea, akasema, "Siku nyingi, mzee."

"Basi siku lisipovuja mje nalo, ndipo tuweke tarehe ya ndoa. Mtu anajua chombo chake kinavuja na anakiacha tu! Binti yangu akimwambia anaumwa, atamsikia?"

Hayo ndiyo aliyosema, halafu akatusindikiza hadi barabarani kwa adabu zote, jambo lililokuwa baya zaidi. Saad hakula siku ile. Watu wakamshauri Shangazi akodi gari zuri arudi nalo. Akawaangalia kama wamemtukana. "Nikienda na la kukodi, si nimekiri? Nitakwenda na hili hili, na litakaa pale uwanjani kwake mpaka achoke kulichungulia."

Basi asubuhi moja nikamkuta barazani ameshika simu, anatafuta namba ya Gervasi, fundi wa magari wa Gungu.

"Shangazi, Gervasi wa nini?"

"Wa gari. Ulifikiri wa kuniposa?"

"Na mimi nipo hapa? Mjukuu wa Mwinshehe? Oili inavuja, maji yanavuja, tofauti iko wapi? Kinachovuja kinazibwa."

"Gari si mtumbwi, wewe."

"Ndiyo maana nilisoma fizikia, Shangazi. Mtumbwi peke yake usingehitaji fizikia."

Saad alikuwa amejiinamia kwenye ngazi, uso umemshuka tangu Gungu. "Mwinshehe," akasema, "hili si la mchezo. Nikimkosa Shadia kwa sababu ya gari, sijui nitakuwa mtu wa namna gani."

"Kaka, utamkosaje? Mimi nipo."

Sijui kwa nini walikubali. Nadhani ni kwa sababu walikuwa na haraka: kulikuwa na hitima Kasingirima, na bodaboda alikuwa tayari anapiga honi nje. Shangazi akajifunga mtandio, akanielekeza kidole. "Kaza kinachokazika. Usichokijua usikiguse." Wakaondoka, na mimi nikabaki na injini.

Niseme haki yangu kwanza: nilianza vizuri. Niliosha injini kwa mafuta ya taa na mswaki wa zamani, nikasuuza kwa sabuni ya unga, nikaiacha ikauke juani hadi ikaanza kuonekana ni chuma na si tope. Kisha nikafanya ujanja niliouona kwenye simu. Jamaa mmoja alikuwa anainyunyizia injini poda ya mtoto, halafu anaiwasha. Popote poda ilipoloa, hapo ndipo panapovuja. Mimi poda sikuwa nayo, ila Shangazi alikuwa na unga wa muhogo kwenye ungo, umepepetwa laini. Nikachota, nikapuliza kila kona, na injini ikawa nyeupe kama imepakwa liwa kwa ajili ya harusi yake yenyewe.

Nikawasha kidogo, nikazima, nikachungulia. Unga uliloa pembeni mwa kifuniko cha juu. Nikafungua boliti zake, nikaikuta gasketi ya mpira imekauka hadi inavunjika kama kaukau. Nikaikwangua, nikapaka gundi ya gasketi, nikarudisha kifuniko, nikakaza boliti kwa mzunguko kama fundi mwenye cheti. Nikaosha tena, nikanyunyiza tena, nikawasha tena. Kila mahali pakavu. Ungekuwepo ungenipa mkono.

Isipokuwa pahala pamoja. Ubavuni mwa injini kulikuwa na mpira mnene kama kidole gumba. Ulitoka ndani ya injini, ukashuka chini, ukaishia hewani karibu na ekseli, mdomo wazi. Haukuunganishwa na kitu. Haukwenda popote. Na kwenye mdomo wake, tone jeusi lilikuwa linajikusanya, linanenepa, linaning'inia, linadondoka. Tap. Halafu jingine.

Nikacheka kwa sauti. Yaani kumbe doa lote la Gungu, aibu yote ile, ni kwa sababu fundi mmoja huko nyuma alisahau kuziba bomba! Nikamwona babu kabisa, amesimama mchangani, ananiambia: mjukuu wangu, unangoja nini?

Nikachana mto wa zamani, nikatoa pamba. Mawese nyumbani kwa Shangazi hayatafutwi. Nikaloweka, nikasokota, nikasukuma ndani ya ule mpira kidogo kidogo, nikigongea kwa mpini wa bisibisi, tabaka juu ya tabaka, kama ninavyofanya kwenye boti inayokwenda safari ndefu. Nikamalizia kwa kufunga mdomo wake na kipande cha tyubu ya baiskeli. Nikaushika, nikauvuta. Hata nyoka asingetoka. Mwisho, kwa kuwa injini ilikuwa imepoteza oili nyingi maishani mwake, nikaijazia. Nikapita alama ya juu kidogo, iwe na akiba.

Waliporudi jua lilikuwa limeanza kuinama kuelekea ziwani. Nilikuwa nimeoga. Nilikuwa nimetandika chini ya gari shuka jeupe, lile la wageni, nimelinyoosha pembe zote na kulikandamiza kwa mawe.

"Hilo ni shuka langu?" Shangazi akauliza.

"Ni uwanja wa Mzee Gharib huo, Shangazi. Kaka, washa."

Saad akaingia, akazungusha ufunguo. Gari likawaka kwa mara ya kwanza bila kukohoa. Tukainama sote watatu tukalichungulia shuka. Tukangoja. Likabaki jeupe. Tukangoja tena. Jeupe. Saad akaniangalia, na macho yake yalikuwa yamejaa maji. Jirani yetu Verediana, mama wa Kiha anayeuza mawese ukuta kwa ukuta na sisi, akatoka mlangoni kwake, akasimama kwenye kijinjia kati ya nyumba zetu, akatusalimu kwa lugha yake.

"Mwakeye, Mama Saad! Limepona?"

"Limepona, Verediana! Njoo uone maajabu!"

Shangazi akapiga kigelegele. Mimi nikainama kidogo kama watu maarufu wanavyoinama.

"Lipige resi kidogo," Shangazi akamwambia Saad. "Nisikie sauti yake."

Saad akakanyaga.

Kwanza kulikuwa na mlio kama kizibo cha soda. Kitu chembamba kikaruka kutoka kwenye injini, kikapita juu ya kichwa changu kikipiga mluzi, kikagonga mabati ya jikoni, kikabaki huko juu. Kilikuwa kile kijiti cha kupimia oili. Nikamwangalia Saad. Saad akaniangalia mimi. Mguu wake, niliuona kwa macho yangu, ulikuwa umeshatoka kwenye akseleta.

Lakini sauti ya gari haikushuka. Ilipanda.

Ilipanda polepole mwanzoni, kama mtu anayepandisha hasira. Kisha ikapanda kwa nguvu, ikawa mlio, ikawa yowe. Gari zima likaanza kutetemeka pale lilipo, vioo vikicheza, boneti ikirukaruka. Nyuma, kwenye bomba la moshi, likatoka wingu jeupe lenye harufu ya chakula kilichoungua, likajaa uwanjani, likaingia jikoni, likamfunika Verediana mlangoni mwa kijinjia hadi ikabaki sauti yake tu.

"Mana yanje! Mungu wangu, Mama Saad, mnachoma nini?"

"Zima gari!" Shangazi akapiga kelele.

"Nimezima!"

"Zima!"

"Mama, nimezima! Ufunguo huu hapa!"

Akautoa mkono dirishani. Ufunguo ulikuwa mkononi mwake, unaning'inia na kile kidude chake cha plastiki chenye picha ya samaki. Kwenye gari hapakuwa na ufunguo, na gari lilikuwa linaunguruma kuliko lilivyowahi kuunguruma tangu litoke kiwandani.

Sijui wewe umewahi kuona nini maishani mwako. Mimi nimeona dhoruba ya ziwani ikitupa boti juu ya mwamba. Nimeona mamba Malagarasi. Lakini sijawahi kuona kitu kilichozimwa kikikataa.

Shangazi akamnyang'anya Saad ufunguo, akauangalia mbele na nyuma, kana kwamba kosa lilikuwa la ufunguo. Akaurudisha mwenyewe kupitia dirishani, akauzungusha kuwasha, akauzungusha kuzima, akauchomoa. Gari likazidi. Akarudi nyuma hatua, akanyoosha kidole kwenye boneti, akasema kwa sauti ile anayotumia kwa wateja wagumu: "Kwa jina la Mwenyezi Mungu, nyamaza!"

Likapiga kelele zaidi. Oili ikaanza kufoka kutoka kwenye lile tundu la kijiti, nyeusi, ya moto, ikapiga ukuta, ikapiga kamba ya nguo, ikadondoka juu ya shuka la wageni. Kuku wakapita juu ya ukuta ambao sikujua kuku wanaweza kuupita. Barabarani watu wakaanza kukusanyika, mara wakaanza kutawanyika. Mtu mmoja alikuwa anasoma Ayatul Kursi kwa sauti, mwingine anapiga kelele kwamba lina jini, limwagiwe maji, mwingine anasema asimwage mtu maji, linapasuka. Mtoto mmoja alikuwa anacheka. Watoto hawa.

Mimi nilijikuta nyuma ya tangi la maji. Sikumbuki kwenda. Miguu haikuniuliza.

Kutoka pale nikamwona Saad. Alikuwa ameruka nje ya gari tangu oili ilipoanza kufoka, kama mtu yeyote mwenye akili. Akasimama, moshi unamfika kiunoni. Akaliangalia gari. Halafu akaangalia upande wa jikoni, ambako mama yake alikuwa amerudi nyuma hadi ukuta ukamzuia, na gari ndilo lililokuwa kati yake na njia.

"Saad, rudi!" Shangazi akalia. "Saad, mwanangu, liache life peke yake!"

Saad akajifunika uso kwa shati, akaingia ndani ya ule moshi, akafungua mlango, akaketi. Nikaona mkono wake ukishika gia, ukiivuta mpaka ile ya juu kabisa. Akakanyaga breki kwa mguu wote, mgongo umebana kwenye kiti, akaachia klachi ili uzito wa gari uikabe injini.

Gari likaruka mbele kama mbuzi aliyechomwa. Likafuta ngazi ya kwanza ya baraza, likang'oa kamba ya nguo na kanga zake, likasukuma banda la kuku hadi banda likawa kuni. Likatikisika mara ya mwisho, likapiga kishindo tumboni, na likafa.

Kimya.

Sijawahi kusikia kimya cha namna ile hapa Ujiji. Hata honi za barabarani zilinyamaza. Juu ya mabati, kile kijiti cha oili kikateleza taratibu, krr, krr, kikaanguka chini, na wote tukaruka.

Saad akatoka. Uso wake ulikuwa mweusi, macho mekundu. Shangazi akamfikia, akamshika kichwa, akamgeuza huku na huku akimpapasa kama anayenunua tikiti. "Umeungua? Wapi umeungua? Sema!" Alikuwa mzima. Kidole kimoja tu kilikuwa kimetoka lengelenge. Shangazi akakaa chini palepale kwenye oili, akavuta mtandio wake akafuta machozi, akajipaka weusi uso mzima.

Mimi nikatoka nyuma ya tangi. Nikafanya kama niliyekuwa nachunguza kitu huko.

"Poleni," nikasema.

Saad alikuwa ameshalala chali chini ya gari, anapapasa. Kisha tukamsikia akivuta kitu, akikata kitu. Pakatoka pumzi ndefu, fyuuuu, kama injini nzima ilikuwa imeibana tangu mchana. Akatoka na pamba mkononi. Ilikuwa ndefu kama utumbo wa kuku, nyekundu kwa mawese upande mmoja na nyeusi upande mwingine.

"Nani ameziba mpira wa kupumulia?"

"Wa kupumulia?" Shangazi akauliza.

"Mama, injini inapumua. Huu ndio mdomo wake. Ukiuziba, pumzi inakosa pa kutokea, inasukuma oili kila mahali, inaingia mpaka pale injini inapovutia hewa. Basi injini ikaacha dizeli, ikawa inakunywa oili yake yenyewe. Hata ukitoa ufunguo, yenyewe inakunywa tu." Akaishika ile pamba juu. "Nani?"

Wakanigeukia. Na mimi, Mungu anisamehe, hapo ndipo kichwa changu kilipofufuka. Kilikuwa kimelala muda wote ule wa moshi, sasa kikaamka na nguvu mpya.

"Gervasi," nikasema.

"Gervasi?"

"Alipita hapa. Mchana. Nilipomaliza kukaza kifuniko nikaona bora nipate na jicho la fundi, nikamwita. Akaja mara moja na bodaboda, akaangalia, akasema mpira huu lazima uzibwe. Mimi nikamwambia, fundi, una hakika? Akasema wewe mtoto utanifundisha kazi?"

"Gervasi wa Gungu," Shangazi akasema polepole, "fundi wa miaka yote ile, akaziba gari kwa pamba na mawese?"

"Hata mimi nilishangaa, Shangazi."

Akanyanyuka. Sijawahi kumwona akinyanyuka vile. Aliyekuwa akilia ameondoka, amekuja yule anayegombana na wenye meli. "Nusura anichomee mtoto. Nusura aniulie mtoto wa pekee, kabla hata hajawekewa tarehe! Saad, nipe simu. Leo Gervasi atajua mimi nani. Nitamwendea hukohuko Gungu, nitasimama mbele ya gereji yake, kila mteja anisikie."

"Mama, subiri," Saad akasema.

"Nisubiri nini? Namba hii hapa."

"Shangazi," nikasema, "labda tusamehe tu. Binadamu hukosea."

"Usimpigie," sauti ikasema.

Haikuwa sauti ya Saad, wala ya Verediana, ingawa ilitoka upande wake. Moshi ulikuwa umeanza kupungua kwenye kijinjia, na katikati yake akatokea mwanamke wa makamo, mrefu, amevaa baibui lililonyunyizwa masizi mabegani, mkono mmoja ameshikilia ushungi puani. Nyuma yake Verediana alikuwa ameinamisha kichwa kama mwanafunzi aliyekamatwa na mwandiko wa mwenzake.

Saad alikuwa wa kwanza kumtambua. Akaificha ile pamba mgongoni. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Shangazi mkono wenye simu ukamshuka, kidole kimeshabonyeza namba ya Gervasi. "Bi Yasmini?"

Bi Yasmini ni dada yake Mzee Gharib. Shangazi yake bibi harusi. Na sisi tumesimama mbele yake tumepakwa oili, banda la kuku limekuwa kuni, suruali ya Saad imechanika goti.

"Mama Saad, nisamehe," Verediana akaanza kwa haraka. "Aliniomba nisiseme. Ni mambo ya ukwe, mwana wanje, ningefanyaje? Alikuja asubuhi, nyinyi mmeshaondoka."

"Msimlaumu," Bi Yasmini akasema. "Kwetu, kabla ya kuweka tarehe, mmoja wetu huja kukaa karibu na nyumba asikie watu wanavyoishi wasipokuwa na wageni. Kaka yangu alinituma. Nimekaa dirishani kwa Verediana tangu asubuhi, nakunywa chai ya watu." Akageuka kwa Saad, akamtazama kuanzia miguu iliyojaa oili mpaka uso. "Nimemwona aliyekimbia, na nimemwona aliyerudi. Hilo nitamwambia kaka yangu nikifika, na tarehe itapatikana. Gari hili sitaki kuliona Gungu. Mje kwa bodaboda, mje kwa miguu, mje tu."

Shangazi akafungua mdomo kupiga kigelegele, kikatoka kikohozi.

Mimi nilianza kurudi nyuma taratibu kuelekea tangi la maji. Ni tangi zuri lile, lina kivuli.

"Na wewe, baba," Bi Yasmini akasema, "simama hapohapo."

Nikasimama.

"Fundi gani alikuja hapa na bodaboda?"

"Alikuja kwa… alipitia mlango wa nyuma, mama. Pengine hukumwona."

"Nyumba hii haina mlango wa nyuma," Saad akasema.

"Alikuja kwa simu," Bi Yasmini akasema. "Wewe ndiye uliyempigia. Ulikuwa umelala chini ya gari, mikono ina mawese, ukaiweka simu juu ya tofali, kwa spika. Mimi na Verediana tulimsikia kama yuko sebuleni."

Sawa. Ile simu. Kama sikuitaja mapema, ni kwa sababu niliona haina umuhimu.

"Akakuuliza," akaendelea, bila kupandisha sauti hata kidogo, "mpira upi? Ukamweleza. Akakwambia huo usiuguse, injini inapumulia hapo, weka kopo chini yake likinge, nitakuja kesho. Akarudia. Ukamwambia sawa fundi, nimekuelewa, ahsante sana. Ukakata simu. Na pamba, baba yangu, ulikuwa umeishika mkono wa pili."

Shangazi alinigeukia. Simu ilikuwa bado mkononi mwake, na kutoka ndani yake, kwa mbali, sauti ya mwanamume ilikuwa inaita: "Haloo? Mama Saad? Haloo, gari linasemaje?"